Muulize Fundi: Mnara umesimama kijijini, spidi iko wapi?

Wasomaji wa Kanda ya Ziwa, wabeja sana kwa meseji. Toleo lililopita tuligusia minara mipya vijijini na tangu hapo simu ya ofisi haijapoa, wameandika watu wa Ukerewe, Buchosa, Magu mpaka Rorya huko, na ukitoa salamu karibu wote wanauliza kitu kimoja, mtandao tumeletewa mbona hauendi. Nimechagua machache. Majina ya kampuni nimeyatoa maana upande wao hatujausikia. Twende.

SWALI: Fundi shikamoo. Huku Ukara tuliletewa mnara tukashangilia kweli, simu inaandika 4G na vile vistari vimejaa vyote, lakini ikifika saa mbili usiku hata picha ya WhatsApp haifunguki, inazunguka tu mpaka unalala. Alfajiri inakimbia vizuri kabisa. Wakala katuambia tununue simu mpya. Ni simu zetu au tunaibiwa bando? (Kijana wa Ukara, Ukerewe)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Simu mpya usinunue, hela hiyo ifanyie kitu kingine. Umesema mwenyewe alfajiri inakimbia, sasa simu mbovu ni mbovu saa zote, haichagui saa mbili usiku.

Vistari vinaonyesha kitu kimoja tu, kwamba simu yako na mnara mnasikilizana. Havisemi lolote kuhusu mnara wenyewe umeunganishwa na nini huko nyuma, na tatizo la vijiji vingi vya visiwani liko hukohuko nyuma. Kesho nenda kasimame chini ya mnara wenu uangalie juu. Vile vibao virefu vyembamba vilivyosimama wima, mara nyingi vinakaa pande tatu, hivyo ndo vinaongea na simu zenu. Alafu utaona ngoma nyeupe ya duara, moja au mbili, imeelekezwa mbali, pengine ng'ambo ya maji. Ile ngoma ndo inabeba kila kitu chenu, simu za watu wote, meseji, video, miamala, inarusha kwenda mnara mwingine na ule unarusha kwenda mwingine mpaka ifike mahali penye faiba ya mkongo, ule waya mkuu wa intaneti. Mi naita njia ya nyuma.

Sasa unakumbuka hali ilivyokuwa kabla daraja la Kigongo-Busisi halijafunguliwa Juni 2025? Lami huku, lami kule, na bado gari linakaa foleni kwasababu katikati kuna kivuko. Mnara wa 4G wenye njia ya nyuma nyembamba ndo uko hivyo. Tuseme kwa mfano njia ya nyuma inabeba 100 Mbps (Mbps ndo kipimo cha spidi ya intaneti), alfajiri mko watu kumi mnagawana mnaona raha, ikifika saa mbili usiku watu wametoka mwaloni wameshakula, wanafunzi wapo nyumbani, watu 200 wameshika simu kwa mpigo, kila mmoja anabaki na nusu Mbps wakati video hata ya ubora wa chini inataka karibu 1. Hapo ndo inazunguka mpaka unalala.

Na maji nayo yana mambo yake. Mawimbi ya ile ngoma yakipita juu ya ziwa, mengine yanafika moja kwa moja, mengine yanagonga maji kwanza ndo yanafika, yakikutana kule yanaweza kufutana, na ziwa likiwa limetulia ndo linarudisha mengi zaidi. Wahandisi wanaolijua hilo wanafunga ngoma mbili kwenye mnara mmoja kwa urefu tofauti ili moja ikipoteza nyingine ishike. Ukiona mbili zimeangalia upande mmoja, moja juu moja chini, jua kuna mtu alikaa akafikiria.

Cha kufanya, pima spidi ukiwa sehemu ileile, saa kumi na moja alfajiri na saa mbili usiku, siku tatu nne hivi, kila ukipima piga skrinshoti. Kama vistari ni vilevile ila spidi inaporomoka usiku, huo ni msongamano, na dawa yake kampuni ipanue njia ya nyuma au iongeze masafa pale mnarani. Skrinshoti usizifute, nimemjibu mtendaji mmoja huko chini cha kufanya nazo.

SWALI: Sisi tunavua dagaa, kwaiyo kazi yetu ni usiku wa giza na tunakuwa mbali kidogo. Simu inaonyesha vistari viwili lakini ukipiga haiendi, au inaita mara moja inakata. Inakuaje mtandao upo alafu haupo? (Mvuvi, Irugwa)

JIBU: Hili swali nimelipenda kuliko yote ya safari hii, na kama wangeuliza watu wengi zaidi huenda tungepunguza misiba kidogo.

Kinachotokea ni kwamba mnara una nguvu kubwa, simu yako inausikia vizuri tu hata ukiwa mbali, ndo maana unaona vistari. Shida ni kurudisha jibu. Simu ikiwa kwenye 4G inarusha kwa nguvu isiyozidi kama robo ya wati hivi, ikiwa kwenye 2G, ule mtandao wa zamani, ya masafa ya 900 MHz inaweza kwenda mpaka wati 2, yani karibu mara kumi. Kwaiyo mkishatoka mwaloni mkaanza kwenda mbali ingia setingi za mtandao wa simu, chagua 2G pekee. Intaneti utaikosa ila kupiga na meseji kutakuwa na nafasi kubwa zaidi, na kule ndani ya ziwa unachohitaji ni kupiga. Mkirudi nchi kavu unarudisha 4G yako. Kile kisimu kidogo cha tochi nacho msikidharau, usiku ule ndo mfalme.

Umbali nao una mwisho wake hata maji yawe wazi vipi, maana dunia imepinda. Mnara wa mita 40 ukiwa usawa wa maji, na we umekaa ndani ya mtumbwi simu iko mita moja na nusu hivi juu ya maji, mnaonana mpaka kama kilomita 31. Mnara ukiwa juu ya kilima inaongezeka. Ukisimama unaongeza kidogo, na simu ikifungwa kwenye mti wa mita 4 ukaongea kwa hedifoni, unaongeza kama kilomita 3, na wakati mwingine hizo 3 ndo zinazohitajika. Ila 2G ya kawaida ikishazidi kilomita 35 kutoka mnarani inakataa hata kama mawimbi yanafika, imetengenezwa hivyo, saa za kupokezana kati ya simu na mnara haziwiani tena.

Mengine mawili. Simu ikigoma kupiga, tuma meseji ya kawaida, inapenya sehemu ambayo sauti haipenyi. Na GPS haitaki bando wala mtandao, inasikiliza satelaiti moja kwa moja, kwaiyo pakua ramani ukiwa bado mwaloni na huko ndani utajua uko wapi na unaweza kumtajia mtu. Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wa Ziwa Victoria nao usome kabla hamjasukuma mtumbwi, sio mkishafika kati. Jaketi okozi sihitaji kusema, au nahitaji?

SWALI: Nanunua dagaa Kome napeleka Mwaloni Kirumba, bei naulizia WhatsApp natumiwa na picha. Bando la wiki linaisha siku mbili na video sijafungua hata moja. Nani anakula MB zangu? (Mama wa dagaa, Kome)

JIBU: Shikamoo mama. Hujafungua we, simu imefungua yenyewe. WhatsApp ikiachwa ilivyo inapakua picha zenyewe na simu zingine video pia, sasa mwanamke wa biashara kama wewe uko kwenye kikundi cha wanunuzi, cha vikoba, cha kwaya, cha harusi ya mtoto wa dada, na kila mtu anatuma asubuhi njema yenye maua. Ingia setingi za WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kwenye upakuaji wa kiotomatiki ukitumia data ya simu toa tiki zote, acha wewe ndo uguse picha unayoitaka. Hapohapo kuna sehemu ya kutumia data kidogo wakati wa kupiga, iwashe. Bakapu iwekwe iende ukiwa kwenye waifai tu. Alafu toka WhatsApp nenda kwenye duka la programu, zima apdeti za kiotomatiki kwa data, hizo ndo mlaji mkubwa anayekula kimyakimya usiku.

Kama kuna mjukuu anashika simu mama, basi hesabu yake ni hii, video inayokwenda kwa 1 Mbps ikichezwa lisaa limoja inakula MB 450. Za kuruka moja baada ya nyingine zinakula zaidi maana zinapakua na zile ambazo hajaziona bado.

Na kampuni inatakiwa kukutumia meseji bando lako likifika asilimia 75 na likiisha, hiyo imo kwenye kanuni za vifurushi za mwaka 2021. Kama hazifiki, lalamika, ni haki yako sio hisani. Meseji ya kitapeli inayosema tuma hela kwenye namba hii, ipeleke 15040, ni bure.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Buchosa. Tulipata kompyuta za msaada zimekaa zimefunikwa vitambaa. Mnara uko kama kilomita 6 lakini shule iko nyuma ya kilima cha mawe, mtandao unashika ukipanda juu ya jiwe la nyuma ya bweni. Ukiwa darasani hakuna kitu. Tufanyeje na hela hatuna? (Mwalimu, Buchosa)

JIBU: Mwalimu, hilo jiwe ndo mtaji wenu. Mahali ambapo simu inashika 4G vizuri mkiwa juu ya jiwe ndo ruta inatakiwa kukaa, sio ofisi ya mkuu. Kosa linalofanyika shule nyingi ni kununua ruta nzuri, kuiweka mezani, alafu kuvuta waya mrefu wa antena kutoka juu, na waya wa antena ukiwa mrefu unakunywa mawimbi yote njiani. Fanyeni kinyume. Nunueni ruta ya nje, ile inayovumilia mvua na ina antena ndani yake, ifungwe kwenye bomba juu ya jiwe imeelekezwa mnarani, alafu mshushe waya wa kawaida wa netiweki mpaka darasani, umeme wa ruta unapita humohumo kwenye waya. Mwisho wake ni mita 100, zaidi ya hapo mtaweka kifaa cha kuunganishia katikati. Fundi mzuri wa Sengerema mjini anaimaliza ndani ya siku moja, na msikubali aondoke kabla hajapima spidi darasani mkiona.

Ila mi ningeanza na kitu kingine kabisa, ambacho hakitaki intaneti ya kila siku. Kuna programu ya bure inaitwa Kiwix, inabeba Wikipedia nzima kwenye diski, ya Kiswahili ipo na ya Kiingereza ipo, unaipakua mara moja mjini kwenye faiba ya rafiki yako, unairudisha shule kwenye flashi, kompyuta moja inakuwa seva na zingine zinasoma kutoka kwake hata kama mvua inanyesha na mnara umezima. Nyingine ni Kolibri, hiyo ina masomo na mazoezi na imetengenezwa makusudi kwa shule zisizo na mtandao. Mkiwa na hizo mbili zile kompyuta zinatoka kwenye vitambaa mwezi huuhuu, na intaneti kidogo mtakayopata inabaki kwa vitu vinavyohitaji intaneti kweli, matokeo, barua pepe, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu yenye vitabu vya kiada.

Alafu andikeni barua kupitia mkurugenzi wa halmashauri kwenda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, wana mradi wa shule za umma. Itachukua muda. Andikeni hivyohivyo.

SWALI: Kuna jamaa anataka kuniuzia dishi la intaneti ya satelaiti amelivusha kutoka Kenya, anasema spidi yake hata mjini Mwanza hupati. Ninunue? (Msomaji, Bunda)

JIBU: Kwa spidi hajakudanganya sana. Satelaiti za zamani zilikaa kilomita 35,786 juu, kila ukibonyeza kitu mawimbi yanapanda na kushuka mpaka inapita nusu sekunde, simu ya video ilikuwa mateso. Hizi mpya za Starlink ziko kama kilomita 550, ucheleweshaji unakuwa mdogo kiasi cha kutousikia. Kenya zilianza Julai 2023.

Ila dishi ni biashara ya leseni bana. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka anayetoa huduma awe na leseni ya hapa na kifaa kiwe kimeidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na akaunti ya dishi imesajiliwa nchi nyingine kwa jina la mtu mwingine, siku akiifunga au kampuni ikiona dishi limehama nchi, una sahani ya kuanikia dagaa. Kabla hujatoa hela pita ofisi ya TCRA Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, uliza kwa jina, kampuni hii ina leseni Tanzania leo au haina. Jibu la ofisini ndo lifuate, sio la jamaa.

Na umeme umepiga hesabu? Dishi la aina ile linakula kati ya wati 50 na 100 muda wote, ukiliacha siku nzima ni uniti 1.2 mpaka 2.4. Kama hamna nguzo za umeme, paneli moja ya wati 300 kwa jua zuri la masaa matano inakupa uniti 1.5, hapo bado betri. Muuzaji hajakuambia hilo, sivyo?

Watu wa vijijini tunachangamkia sana kinachotoka angani. Kenya hapo walipewa maputo, mradi wa Loon wa kampuni mama ya Google, Julai 2020 yanaelea kilomita kama 20 juu yanarusha 4G, watu wakapiga picha. 2021 wakafunga. Mi sina ugomvi na satelaiti, kwa kisiwa kidogo kisichofikika inaweza kuwa ndo jibu pekee, ila nguzo na faiba na ngoma ya mnarani haviondoki kirahisi hivyo.

SWALI: Nina duka la steshenari Magu, nimevuta faiba. Kijijini kwetu ni upande wa pili wa mkono wa ghuba, kilomita 10 juu ya maji, hakuna mtandao wa maana. Nataka nirushe waifai huko niuze vocha za lisaa. Inawezekana? (Kijana wa Magu)

JIBU: Kiufundi inawezekana na vifaa vyake sio ghali kama watu wanavyodhani, antena mbili za 5 GHz zinazotazamana. Maji hayana miti wala nyumba, hiyo ni faida. Hasara yake nimeieleza kwa kijana wa Ukara, maji yanarudisha mawimbi. Kwa kilomita 10 usifunge antena kwenye paa la duka ukadhani kwakuwa unaona ng'ambo basi tayari. Mawimbi hayapiti kwenye mstari mwembamba, yanataka nafasi, na pale katikati ya ziwa yanahitaji uwazi wa karibu mita 7 chini ya mstari, ongeza mita moja na nusu ya mpindo wa dunia, kwaiyo antena ziwe angalau mita 8 au 9 juu ya maji pande zote mbili. Ikiwezekana moja iwe juu sana na nyingine chini kidogo, ile sehemu mawimbi yanapogonga inahama kutoka katikati ya maji inasogea karibu na ufukwe wenye nyasi na mawe, marudio yanapungua.

Kitakachokuua ni radi. Ukanda huu wa ziwa ni kati ya sehemu zenye radi nyingi kabisa duniani na nyingi zinapiga usiku, kwaiyo athi iwe ya kweli, bomba la shaba ardhini na kinga ya radi kwenye waya, sio msumari kwenye kopo la mchanga. Nimeona vijana wanaweka mtaji wote kwenye antena na kwenye athi wanaweka mia tano.

Upande wa sheria, kuuza intaneti kwa watu ni huduma inayohitaji kibali cha TCRA, na mkataba wa faiba yako ya duka huenda unakataza kuuza tena, usome. Usiogope ukaacha, nenda uliza gharama ya leseni ya eneo dogo. Wenzako wamefanya. Kondoa kule Dodoma kuna mtandao wa jamii, Kibera Nairobi wapo TunapandaNET, watu wa kawaida walijifunza wakapanda juu ya mapaa wenyewe. Na bei, ningekushauri uuze kwa MB kuliko kwa lisaa, ukiuza kwa lisaa vijana watano wanapakua muvi na mama anayetaka kutuma hela anakosa, alafu lawama zinakuja dukani kwako.

SWALI: Rorya huku simu inahamia mtandao wa Kenya yenyewe, salio linaliwa. (Msomaji, Rorya)

JIBU: Zima data ya kuzurura (roaming), alafu kwenye setingi toa uchaguzi wa mtandao kwenye kiotomatiki, chagua wako wa Tanzania kwa mkono. Ubaya wake, ukienda mbali na mnara wenu simu itakaa bila mtandao badala ya kuhamia wa jirani, kwaiyo ukisafiri urudishe.

SWALI: Mnara uko mita 50 kutoka nyumbani. Wanangu watapata saratani? (Mzazi, Ilemela)

JIBU: Mawimbi ya mnara sio kama ya eksirei, hayana nguvu ya kuvunja seli. Wataalamu wa saratani wa WHO mwaka 2011 waliyaweka kundi la 2B, maana yake ushahidi haukutosha kusema ndio wala kufunga mjadala. Vibao vya juu vinarusha kwenda mbele, chini ya mnara ni kidogo kuliko unavyodhani, na simu unayoibana sikioni inakupa zaidi. Mi kwenye mnara wa karibu ningeogopa jenereta, kelele na moshi wake.

SWALI: Mei 2024 intaneti ilikufa wakasema waya umekatika baharini. Sasa bahari na Mwanza wapi na wapi? (Msomaji, Nyakato)

JIBU: Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mkongo wa Taifa unaosimamiwa na TTCL unafika Mwanza, ila vitu vingi mnavyofungua viko kwenye seva za nje ya nchi, na njia ya kwenda huko ni bahari. Ndo njia ya nyuma ileile, safari hii ya nchi nzima.

SWALI: Mimi ni mtendaji wa kijiji. Kijiji chetu hakina hata 3G, minara tunaiangalia ng'ambo. Wananchi wananilaumu mimi. Naanzia wapi ili safari hii tusipewe ahadi tu? (Mtendaji wa kijiji, Sengerema)

JIBU: Mheshimiwa, kampuni inajenga penye wateja wa kulipa gharama za mnara, kijiji chenu pengine kwa hesabu zao hakifiki. Ndo maana bunge lilitunga sheria ya UCSAF mwaka 2006, mfuko unatangaza zabuni kwa kata, kampuni zinaomba ruzuku, inayohitaji kidogo inapewa. Mkataba mkubwa ulisainiwa Mei 2023 pale Dodoma, Rais Samia akishuhudia, minara 758 kwenye kata 713, Tigo wakachukua 262 (siku hizi wanaitwa Yas), Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Kazi yako ya kwanza ni kujua kama kata yenu ilikuwemo na ilipewa nani. Ukishajua ni nani, barua inakuwa na anwani. Diwani na mbunge wapeni nakala.

Mi nina kitu kinaniudhi kidogo kwenye sherehe za minara. Utepe unakatwa, watu wanapiga simu moja ya video mbele ya kamera saa nne asubuhi kijiji kizima kikiwa shambani na mwaloni, kinaandikwa kijiji kimefikiwa. Kwaiyo usiombe mnara. Omba mnara wenye majibu. Utakuwa wa 2G, 3G au 4G? Njia ya nyuma ni faiba au ngoma, na inabeba Mbps ngapi? Umeme ukikatika betri inakaa masaa mangapi, na mafuta ya jenereta analeta nani? Haya maswali hayamtukani mtu, yapo kwenye michoro yao tayari, wanachohitaji ni mtu wa kuyauliza kwa maandishi kabla hawajamwaga zege.

Kwenye barua weka nukta za GPS za katikati ya kijiji, idadi ya watu kwa kila kitongoji kutoka kwenye rejista yako, shule, zahanati, mwalo na mashine za kusaga, umbali mpaka nguzo ya umeme ya karibu, na muhtasari wa mkutano wa kijiji unaoonyesha eneo la mnara limekubaliwa na halina mgogoro, maana ardhi yenye kesi inachelewesha minara mingi kuliko unavyofikiri. Tembea na simu zenye laini za mitandao yote, kila kitongoji andika unashika nini na ukiwa umesimama wapi.

Wale ambao mnara wanao ila hauendi kama kijana wa Ukara, barua yao inaanzia kwa kampuni, sio UCSAF. Chukua namba ya malalamiko, iandike. Wakikaa kimya peleka TCRA Kanda ya Ziwa pamoja na zile skrinshoti za alfajiri na za saa mbili usiku, zikiwa na tarehe na jina la mahali, ikiwezekana za majirani watano na sio zako peke yako, maana malalamiko ya mtu mmoja wanajibu zima simu uwashe tena.